Seti ya Umeme wa Tope kwa Mradi wa Shahada ya Kwanza

Seti hii ya kuzalisha umeme kwa bakteria wa topeni, yenye mtungi wa plastiki, vitambaa viwili vya grafiti (aina ya kaboni inayopitisha umeme), nyaya na taa ndogo, huuzwa kama kifaa cha kufundishia watoto wa shule, lakini mimi niliinunua kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaochunguza bakteria wanaokabidhi elektroni kwa metali, na ninaona inastahili kutumika chuoni.

Kitambaa kimoja hufukiwa ndani ya tope ambako oksijeni haifiki, na cha pili hubaki juu kikipata hewa. Bakteria kama Geobacter metallireducens, aliyegunduliwa mwaka 1987 katika mashapo ya Mto Potomac nchini Marekani, na Shewanella oneidensis wa Ziwa Oneida, ambaye watafiti Charles Myers na Kenneth Nealson walitangaza matokeo ya utafiti kumhusu mwaka 1988, hutoa elektroni za chakula chao nje ya seli na kuzikabidhi kwa oksaidi za chuma au manganizi, na hapa grafiti hushika nafasi ya madini hayo, kisha elektroni hupita kwenye nyaya hadi kitambaa cha juu. Tulitumia tope jeusi la mikoko. Volti zilipanda polepole siku hadi siku, na tulipokitoa kitambaa cha chini tulikikuta kimefunikwa na utando laini unaoteleza.

Kasoro kubwa ni kijitabu chake, kinachodai kwamba taa ikiwaka ni ushahidi kuwa bakteria wanafanya kazi. Dai hilo halitoshi, na kwa mtafiti anayeanza ni hatari, kwa sababu tope la mikoko lina salfaidi (kampaundi ya salfa) nyingi ambayo yenyewe, bila kiumbe hai chochote, huweza kuipa grafiti elektroni. Pasipo mtungi wa pili wenye tope lilelile lililouliwa vijidudu kwenye otoklevu (chombo cha mvuke wenye shinikizo), mwanafunzi hana cha kulinganisha, na seti inakuja na mtungi mmoja tu. Vibanio vya waya navyo hushika kutu upesi vikiguswa na maji ya chumvi, kisha vipimo vinayumba.

Ningeshauri idara inunue seti mbili au zaidi, iache taa kando na kupima volti kwa multimita kwenye rezista inayojulikana ukinzani wake, kisha iongeze kipimo cha kemikali ya ferozini, ambayo hugeuka zambarau inapokutana na chuma kilichokwisha kupokea elektroni.