Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, miezi mitano na mama

Wenye wazazi wa presha someni hii. Mama ana miaka 63, yuko kwenye dawa mwaka wa sita, na bibi alitutoka kwa kiharusi, kwahiyo kwetu hili halina utani. Mwanzo nilimnunulia ile ndogo ya kuvaa kama saa, elfu 40 tu, kumbe ndo nimeharibu. Ikawa inamsomea 128, 130, akaniambia mwanangu mbona nimeshapona, dawa zake za presha, amlodipine, akaacha kimyakimya, na zenyewe zilikuwa zinamvimbisha miguu. Siku ya kliniki 172 kwa 104!! Na kichwa hakimuumi, kizunguzungu hana, ndo ubaya wa presha, inakula figo na moyo huku mtu anasonga ugali wake vizuri tu. Nesi akamwambia mama hebu nioneshe unavyopima, mkono kauweka juu ya mgongo wa kochi. Hizi za saa mkono ukipanda juu ya moyo namba inashuka, ukining'inia inapanda.

Nikaenda Kariakoo duka la vifaa tiba kuchukua hii ya juu ya kiwiko, laki na ishirini. Muuzaji kabla hata ya kunitajia bei akauliza mkono wa mama mnene kiasi gani, ikabidi nimpigie mdogo wangu apime na futi ya cherehani, sm 36, akasema basi mkanda wa kawaida wa 22 mpaka 32 usichukue, ukimbana utamwonesha presha kubwa kuliko aliyonayo, akanitafutia mpana. Hapo nikamwamini kabisa.

Kuitumia ni kitufe kimoja, kazi iko kwa mpimwaji: akae dakika 5 ameegemea, miguu chini, asiongee, kahawa au chai iwe imepita nusu saa, mkono mezani usawa wa moyo, apime mara 2, asubuhi na jioni tunaandika kwenye daftari. Daktari alilipitia lile daftari lote, akambadilishia dawa akampa losartan, miguu ikanywea, akasema nyumbani ikigonga 135 kwa 85 kwenda juu siku kadhaa tusikae kimya turudi. Chumvi ya mezani tumeitoa.

Kasoro, waya wa umeme unauzwa peke yake na kioo hakina taa, umeme ukikatika mpaka tochi ya simu. Ila namba kubwa, mama anasoma bila miwani. Jana jioni 131 kwa 82, kaandika mwenyewe.