Hoteli isiyo na kibao: viazi karai 8 kwa 10, na timu ya taifa inachaguliwa hapohapo

Nianze na kukwambia kwamba hii hoteli sitaitaja jina manake hata haina. Kibao chake kilifutika rangi zamani, kimebaki na alama ya chupa ya soda na herufi mbili tatu, watu wa mtaa wanaiita tu "pale kwa ami". Iko huku Mombasa, ukitoka Makadara unaingia Bondeni, ukisikia watu wazima wanapigiana kelele kuhusu mpira wa mwaka 1996 ushafika. Na mpira wenyewe si ule unaoujua wewe, ni kriketi.

Mie nilienda kwa ajili ya viazi karai, niseme ukweli. Rafiki yangu alinambia viazi vya pale vinaweza kukutoa machozi, nikajua anatia chumvi kama kawaida yake. Basi nimekaa saa kumi alasiri, nimeagiza sahani moja na mishkaki mitatu na chai, nikajua saa kumi na moja niko nyumbani. Nilitoka pale baada ya isha.

Viazi kwanza. Unga wake mwembamba, unapasuka ukiuma, ndani kiazi kimeiva kikawa laini bila kuwa uji, na kile chatne cha ukwaju ndo mwenye mji. Kina pilipili ya kweli, si ya kutishia. Tatizo ni kwamba wanakupimia ukwaju kama dawa ya kikohozi, ukiomba tena kijana anakuangalia kama umeomba mkopo. Mishkaki ya kawaida tu, mmoja ulikuwa mgumu nikautafuna toka Tikolo mpaka Odoyo (utaelewa mbele). Chai ya maziwa tamu, iliki imewekwa na mtu anayejua. Biriani siku ya Ijumaa wanaisifu ila nilipoionja wiki iliyofuata niliona wali mzuri, rojo jepesi, sijui labda mie nimezoea ya mamangu.

Sasa huduma. Hapa ndo mambo yalipo, kwa sababu huduma pale inategemea mjadala umefika wapi. Nyuma kuna meza ndefu ya mbao, karibu na skrini, na wanaokaa pale ni wazee wanne watano na vijana wachache, na kazi yao kila jioni ni moja: kuchagua timu bora ya kriketi ya Kenya ya wakati wote, wachezaji 11, si 12. Kijana anayepeleka chai naye ana maoni, kwa hivyo ukiagiza kitu wakati wanagombania nani awe opena, yaani mpigaji wa kufungua, subiri. Chai yangu ya pili ilikuja baridi kwa sababu alisimama nayo mkononi dakika kumi akimtetea Ravindu Shah.

Kwanza nilikuwa nasikiliza tu kwa mbali. Halafu nikasikia mzee mmoja anasema "Kennedy Otieno na Chudasama, basi, walipiga mikimbio 225 wakifungua dhidi ya Bangladesh mwaka 1997 pale Nairobi, Kennedy 144, Chudasama 122, kuna la kuongeza?" Kijana wa chai anamjibu, "Ami, Bangladesh ya 1997! Ravindu alipiga 70 Gwalior, India, kwa Wahindi wenyewe, 1998, tukawashinda kwa mikimbio 69." (Mikimbio ndo pointi za kriketi.) Mie nikajikuta nimegeuza kiti. Babangu alikuwa mpenzi wa kriketi, nimekulia kwenye redio yenye mikwaruzo, kumbe bado ninayo yale majina kichwani.

Ami huyo akaniona. "Wewe mwanangu, weye wasemaje?" Nikasema Ravindu. Wallahi sijui kwa nini, labda nilitaka chai yangu ifike. Basi akaandikwa yeye na Kennedy.

Namba tatu ni Steve Tikolo, hapo hapana mjadala, hata mtu akijaribu kuleta wanamwangalia mpaka anyamaze. Kapteni wa 2003, ile Kombe la Dunia tuliyofika nusu fainali, na siku ya nusu fainali yenyewe Durban, India wametuwekea 270, kapteni wao Ganguly 111, sisi tumeisha 179, Tikolo peke yake ana 56. Mzee mmoja anasema New Zealand walipokataa kuja kucheza Nairobi wakaogopa usalama na tukapewa pointi za bure ndo watu wanatudharau mpaka leo, kwamba tulifika kwa bahati. Ami alimkata maneno: "Sri Lanka nao walikataa kuja? Zimbabwe nao? Bangladesh?" Manake hao wote tuliwapiga uwanjani, Sri Lanka palepale Nairobi, uwanja wa Gymkhana.

Namba nne ndo palipowaka moto. Maurice Odumbe. Kijana mmoja, wa kama miaka 22, shati limeandikwa jina la kampuni ya simu, akasema yeye timu yake haina Odumbe kwa sababu alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa mambo ya wachezesha kamari, na mtu kama huyo huwezi kumpa jezi ya taifa. Ukimya ukaingia, hata kijana wa chai akakaa. Mzee mwingine akaanza na Pune, India, 29 Februari 1996, tarehe ambayo hata kuisherehekea unangoja miaka minne, Kenya imeenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, imefanya 166 tu, na West Indies ya kina Brian Lara, mpigaji wao hatari, ikaishia 93. Odumbe alikuwa kapteni, akarusha ova 10 (ova ni mipira sita) akaachia mikimbio 15 akachukua wiketi 3, yaani akatoa wapigaji watatu. Na kule Gwalior 83 ni zake. Kijana hakutetereka. Akasema "najua namba zote hizo baba, nimezisoma, ndo mana inauma."

Hapo ami akatoa neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Sisi tunachagua timu mwanangu, hatuchagui mkwe."

Watu wakacheka, lakini kijana hakucheka, na mie nilikuwa upande wake nusu na upande wa ami nusu. Nafikiri kijana alikuwa na haki, manake mtu akishauza imani ya watu hata zile siku nzuri zinaanza kunuka, unajiuliza. Ila pia ukimtoa Odumbe unatoa Pune, na ukitoa Pune sijui kriketi ya Kenya imebaki na nini. Walipiga kura ya mikono, akapita kwa kura moja. Kura hiyo moja ilikuwa yangu. Kijana wa shati la simu hakunisemesha mpaka niliponunua kachori za meza nzima.

Namba tano wakamweka Hitesh Modi bila vita, mkono wa kushoto, mtulivu. Hapa wakapata nafasi ya kupumua na kusimuliana kile kisa cha 2006, babake Subhash Modi ndo alikuwa mwamuzi siku Kenya inacheza na Bangladesh, mpira ukampiga mwanawe mguuni, baba akainua kidole, nje. Mzee mmoja anasema angekuwa yeye angejifanya ana vumbi jichoni. Ami anasema huyo baba ndo angefaa kuwa mwenyekiti wa wachaguzi, kwisha maneno.

Mambo ya ukoo sasa. Kama hujui, ile timu ilikuwa kama harusi, kila mtu ni ndugu ya mtu. Kina Obuya watatu, Kennedy Otieno, David na Collins. Kina Tikolo, kina Odumbe, kina Suji. Kwa hivyo kila ukimtaja mmoja mtu anakuuliza "yupi?" Ila Collins Obuya ana shida yake peke yake, yeye ni mmoja lakini ni wawili. Kuna Collins wa 2003, spina, mrusha mipira ya kuzungusha, wiketi 5 kwa mikimbio 24 dhidi ya Sri Lanka, mpaka Warwickshire ya Uingereza wakamchukua. Halafu kuna Collins wa 2011, mpigaji, 98 bila kutolewa dhidi ya Australia pale Bengaluru, mbili tu zimebaki afikishe mia. Unamchagua yupi? Kuna mzee alitaka kumwandika mara mbili, namba sita na namba tisa, na alikuwa hatanii, akachukua kalamu kabisa. Wakakubaliana awe namba sita na arushe akiitwa. Mie hapo nilikuwa bado natafuna mishkaki ule mgumu, ndo nasema toka Tikolo, na walipomaliza kumpitisha Thomas Odoyo namba saba, ambaye ana zaidi ya wiketi 100 za ODI, mechi za kimataifa za siku moja, na tuzo ya 2007 ya ICC, wakubwa wa kriketi duniani, kwa wachezaji wa nchi washirika, zile ndogo, ndo nikaumeza.

Ukweli mwingine kuhusu hoteli, choo. Kisafi lakini mlango haufungi, unashikilia kwa mguu. Na wifi wameandika ukutani ipo, haipo. Kwa mjadala kama huu wifi ya kukosekana ni neema, manake mtu akitaja namba inabidi waamini au wabishane, hakuna wa kutoa simu na kumaliza utamu.

Aasif Karim sasa, jamani. Huyu ni wetu, kazaliwa hapahapa Mombasa, na ukiwa na fikra ya kumwacha nje pale kwa ami utalipia soda za watu. Alikuwa ashastaafu, wakamrudisha 2003 ana miaka 39, wakampa mpira dhidi ya Australia mabingwa wa dunia: ova 8.2, sita kati yake bila mkimbio hata mmoja, mikimbio 7 kwa jumla, wiketi 3, kapteni wao Ponting akiwa mmoja. Tulishindwa ile mechi lakini mchezaji bora wa siku ni mzee wa Mombasa. Ami anaisimulia akiwa amesimama, anaonyesha mkono ulivyopita, na kila akifika kwa Ponting anapiga meza chai zinaruka. Nusu ya chai yangu ya tatu iliishia hapo. Hawakunipa nyingine.

Katikati ya hayo alikuwepo dereva mmoja wa trela, Mganda, amekuja kupakia mzigo bandarini, amekula wali maharage yake kimya muda wote. Akanawa mikono, akasema kwa upole, "Nyinyi mnachagua wazee wa zamani, sisi tulikwenda Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi ya ova 20, juzi, 2024." Meza ikageuka. Akawataja Papua New Guinea waliopigwa kule Guyana, akamtaja Frank Nsubuga, miaka 43, ova 4, mikimbio 4, wiketi 2. "Miaka 43," akarudia, "na anacheza sasa, si kwenye hadithi." Hakuna aliyekuwa na jibu. Sisi ODI tumepokonywa hadhi yake tangu 2014, utamwambia nini mtu? Mzee mmoja akajaribu kuokoa, akasema basi tufanye timu ya Afrika Mashariki kama ile ya 1975 ya Harilal Shah, Kenya na Uganda na Tanzania na Zambia pamoja, na dereva akauliza ile ilishinda mechi ngapi. Sifuri, ilishindwa mechi zote tatu. Dereva akalipa, akaaga vizuri sana, akaenda. Huyo ndo aliyeshinda jioni ile kwa maoni yangu.

Waliobaki waliandika haraka: Rajab Ali kwa sababu yeye ndo alimtoa Lara Pune, Martin Suji mpira mpya, Karim. Kisha kukabaki nafasi moja, ya nane, na hapo kuna waliotaka Tony Suji, kuna waliotaka Ongondo, kuna aliyemtaka Tariq Iqbal kama kipa kwa sababu ndo aliyedaka ule mpira wa Lara, na wengine wakasema Kennedy anadaka vizuri zaidi, mbona tubebe makipa wawili. Hawakumaliza. Adhana ya isha ikaita, meza ikavunjika nafasi ya nane ikiwa na alama ya kuuliza.

Kwa hivyo marks. Viazi karai 8, mishkaki 5, chai 8 ikiwa moto na 3 ikisubiri Ravindu, biriani 6, huduma 4. Bei nzuri, mie nililipa sh 480 na humo kuna kachori za kuomba radhi. Ukienda na haraka usiende. Ukienda na mtoto mkalishe mbele, nyuma lugha inachafuka kidogo kuanzia namba nne. Na beba kalamu yako, ya kaunta haiandiki mpaka uikune kwenye kiganja.

Kitu kimoja tu kilinikera. Ile timu waliiandika nyuma ya bili yangu, na nilitaka kuiweka. Nilipolipa, mama wa kaunta akaichukua pamoja na pesa akaichoma kwenye ule msumari wa bili. Nikamwambia mama samahani, nyuma ya hiyo kuna timu yetu. Akacheka, akanigeuzia msumari wote nione, na karatasi zilizokuwa juu yake, moja baada ya nyingine, nyuma zimeandikwa majina 10 na alama ya kuuliza.