Zahanati ya mtaani kwetu: tiba ya uangalifu, maelezo ya kubahatisha

Kwa muda wa miaka minne sasa familia yangu imekuwa ikitibiwa katika zahanati moja binafsi iliyopo mtaani kwetu, Tabata, jijini Dar es Salaam, nami nimeingia mle kwa homa za watoto, kwa shinikizo la damu la mama yangu na kwa jeraha langu mwenyewe nililolipata nilipokanyaga kipande cha bati. Jina lake nimeamua kutolitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni lawama na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Ni zahanati kwa maana halisi ya neno hilo, si kituo cha afya wala hospitali: ina mapokezi, vyumba viwili vya kumwona tabibu, maabara ndogo, chumba cha sindano na kufunga vidonda, na dirisha la dawa. Mgonjwa wa kulazwa hupewa rufaa, na kwa upande wetu mara nyingi huelekezwa Hospitali ya Amana.

Nianze na kisa kilichonifanya niendelee kurudi pale. Wakati mmoja, mvua za masika zikiwa zimekolea, mwanangu wa miaka mitatu alikesha usiku kucha na homa, na kulipopambazuka nikambeba nikiwa nimekwisha kuamini kwamba ni malaria. Tabibu alimpima joto, akamtazama koo na masikio, akasikiliza kifua, akauliza kama anakunywa na kama anakojoa kawaida, ndipo akaagiza kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidoleni ambacho majibu yake hutoka kwa muda wa robo saa au zaidi kidogo. Majibu yalionyesha hana malaria. Nikangoja, kama nilivyozoea kwingine, aandikiwe dawa mseto ya malaria kwa tahadhari na sindano moja ya kushushia homa. Badala yake tabibu alinieleza kwamba mtoto ana mafua yaliyoshuka kooni, kwamba dawa ya malaria haitamsaidia mtu asiye na malaria, na kwamba amoksilini, dawa ya kuua bakteria, nayo haina kazi hapo. Tuliondoka na chupa moja ya parasetamoli, kiasi cha dozi kikiwa kimekadiriwa kwa uzito wake, pamoja na maagizo ya kurudi haraka akianza kuhema kwa kasi, akikataa kunywa, akipata degedege, au homa ikiendelea hadi siku ya tatu.

Jirani yangu aliposikia aliniuliza, kwa mshangao wa kweli, "Yaani umelipa halafu ukapewa panado tu?" Swali hilo linaeleza mengi kuhusu namna tunavyopima zahanati zetu, kwa kuwa wengi wetu bado tunaitathmini huduma kwa uzito wa mfuko wa dawa tunaotoka nao. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuelekeza tangu mwaka 2010 kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, lakini kwa zahanati binafsi, ambayo dirisha la dawa ni sehemu kubwa ya mapato yake, kumruhusu mgonjwa aondoke na chupa moja tu ni jambo linalogharimu. Hilo nalihesabu kuwa sifa kubwa kuliko rangi mpya ya ukuta.

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, alipata uangalifu wa namna hiyo hiyo. Siku ya kwanza alifika akiwa ametembea juani, na kipimo cha mapokezi kikasoma 158 kwa 94. Muuguzi hakuliharakisha jambo hilo. Alimwambia, "Mama, kaa kwanza upumzike," akamketisha kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikiwa sakafuni, akamwomba asizungumze kwa dakika tano, kisha akapima upya na kupata 146 kwa 90. Tabibu, kijana wa umri wa kuwa mjukuu wake, alimwamkia "Shikamoo bibi" kabla ya kuuliza lolote, akampangia arudi kupimwa mara mbili zaidi katika wiki mbili, na ni pale tu namba zilipokataa kushuka ndipo alipomwanzishia amlodipini, dawa ya kushusha shinikizo la damu, na kumwandikia rufaa ya kuchunguzwa figo na macho. Niseme hapa kwamba tunamwita daktari kwa mazoea, ilhali kibao cha mlangoni kinasema Tabibu, yaani mtaalamu wa ngazi iliyo chini ya daktari, na yeye mwenyewe hajawahi kujidai zaidi ya hapo; alipofikia ukomo wa ujuzi wake alituambia, akaandika barua.

Shida ni kwamba uangalifu huo unaanzia na kuishia ndani ya mlango wa tabibu. Nje ya mlango ule, mgonjwa huachwa akisie mwenyewe. Jumatatu moja nilifika saa moja na dakika kumi asubuhi nikamwona tabibu saa tatu na nusu, na katika muda wote huo hakuna aliyepita kwenye mabenchi kuangalia nani amezidiwa. Mama mwenye kichanga kinachowaka homa alikaa nyuma ya kijana aliyekuja kufanyiwa vipimo vya kujiunga na chuo. Wenye bima hupanga foleni yao, kwa sababu kadi lazima ihakikiwe na namba ya uthibitisho ipatikane, na mtandao unapokatika foleni hiyo husimama pasipo yeyote kutamka neno. Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi ziliposimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kutokana na mvutano wa kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko hulipia, zahanati hii iliendelea kutupokea, na ninaishukuru. Lakini kila nilipouliza iwapo itaendelea hivyo wiki ijayo, nilijibiwa "tutaona".

Mimi ni mtumishi wa umma, nakatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine, kwa hiyo sikubali mtu anayenihudumia kana kwamba natibiwa bure. Mara mbili nimetakiwa mapokezi nisaini fomu ya bima ikiwa bado tupu, kabla ya kipimo wala dawa kuandikwa, kwa maelezo kwamba "ndiyo utaratibu". Saini ile ndiyo inayouthibitishia mfuko kwamba huduma zilizoorodheshwa nimezipata kweli, na mtu hawezi kuthibitisha orodha ambayo haijaandikwa. Mara ya pili nilikataa, na sikunyimwa huduma, ila nilitazamwa kama mgomvi.

Katika dirisha la dawa ndipo jibu la mkato limenigharimu fedha. Niliambiwa dawa moja ya mama "haipo", nikailipia shilingi 18,000 katika duka la dawa la jirani, na baadaye nikabaini kwamba haikuwapo rafuni kwao tu, ilhali bima inailipia, na kwamba ningeweza kupewa fomu ya kuichukulia katika duka lililosajiliwa na mfuko. Kati ya dawa isiyolipiwa na dawa iliyoisha pana tofauti kubwa, na mwenye kuijua tofauti hiyo alikuwa upande wa pili wa dirisha. Mke wangu naye alipougua malaria kweli, alikabidhiwa dawa mseto kwenye bahasha iliyoandikwa "4x2" basi. Hakuelezwa kwamba dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, wala kwamba dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula, wala kwamba dozi zote sita katika siku tatu lazima ziishe hata homa ikishapoa. Tuliyasoma kwenye karatasi niliyoiomba kutoka ndani ya boksi.

Mengine ni madogo. Choo ni safi na maji hayakosekani, jeraha langu lilisafishwa vizuri na sikuondoka bila sindano ya pepopunda, na anayelipa fedha taslimu hutozwa shilingi 10,000 kumwona tabibu, ingawa bei hiyo huijui mpaka uulize kwa kuwa hakuna ubao wa bei. Anayeweza kuchagua muda aende baada ya saa nane mchana, wakati mabenchi yanapokuwa yamepungua watu. Mwenye hali ya dharura asipoteze muda pale.

Mama ana miadi Alhamisi ijayo. Tutakwenda pale pale, kwa tabibu yule yule, na fomu nitaisaini nikishazihesabu dawa.