FixMyStreet: nimeripoti shimo na taa, haya ndo maoni yangu

Kwa mliopo huku Uingereza, hii programu ya kuripoti matatizo ya mtaani itumieni jamani. Ni ya mySociety, shirika la hisani, ipo tangu 2007 na ni bure. Unaandika postikodi (namba ya posta ya eneo), unagusa kwenye ramani pale penye tatizo, unaweka picha na maelezo mafupi basi, yenyewe inajua ni halmashauri ipi inahusika na inawatumia, maana ukianza kutafuta mwenyewe barabara ipi ya nani utachoka kabla hujaandika hata neno. Na ripoti inabaki wazi kila mtu anaiona, hilo ndo nalipenda zaidi, hawawezi kusema hawakuambiwa. Baada ya wiki 4 unaulizwa kama pametengenezwa.

Shimo la pale kituo cha basi lilizibwa fasta, ila taa ya kichochoro chetu huu ni mwezi wa tatu mfululizo giza tupu, kina mama wanapita pale usiku wakitoka shifti, inaniuma sana. Hapo kosa sio la programu, yenyewe inafikisha ujumbe tu, kutengeneza ni kazi ya halmashauri.

Nyota 4. Kama ni taa, andika na namba iliyopo kwenye nguzo, mafundi wataipata haraka.