Nilinunua baiskeli ya umeme kwa ajili ya magoti, na aliyeniuzia hakunipima

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi. Miaka thelathini na kitu nimekanyaga cherehani ya miguu, na magoti ndiyo yaliyolipa. Nikiinuka kitini yanalia. Msikitini nasali juu ya kiti, pembeni kabisa mwa safu, na hilo linaniuma kuliko maumivu yenyewe. Watu mtaani husema mafuta ya magoti yamekwisha. Yule mama wa fiziotherapia alinieleza kwamba ni gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, imesagika, akanikataza kukaa bure. Goti linataka kuzungushwa bila kubebeshwa mzigo, akasema, na baiskeli inafaa mradi nisisukume kwa nguvu. Ndipo nilipoanza kuulizia baiskeli ya umeme.

Naandika nikiwa na hasira, nalisema mapema. Ni mambo ya mwaka jana, baada ya Idi, na mpaka leo nikipita mbele ya lile duka mkono unanitetemeka. Jina la duka silitaji. Wati ngapi na kilomita ngapi sitaandika pia, hayo yamebandikwa kila mahali.

Nilimwambia yule kijana waziwazi: magoti yangu mabovu, nipe itakayonifaa. Akanitolea moja nyeusi, mtumba wa Ulaya, akashusha siti mpaka mwisho. "Hivi mzee wangu, miguu yote miwili inafika chini. Huanguki." Nikaona ana huruma, mtoto wa watu. Nikahesabu shilingi 85,000 taslimu, pesa za kanzu za Ramadhani nzima.

Hakuniambia nipande nizunguke hata mara moja. Hakuniuliza nakaa wapi, na mimi nakaa Maweni, ndani, kwenye njia ya mchanga. Mguu wangu hakuutazama una urefu gani. Mimi mtu akija kushonesha kanzu, hata awe ndugu yangu ambaye nimemshonea tangu yuko madrasa, futi natoa shingoni, nampima mabega, nampima mkono, nampima kimo, kisha namwambia ainue mikono nipime tena. Mwili wa mtu hubadilika. Kanzu ya elfu tatu naipimia hivyo. Yeye kachukua elfu themanini na tano, akakisia kwa macho.

Wiki ya kwanza goti la kulia lilivimba. Maumivu yalikuwa mbele, chini ya kile kifuniko cha goti, mahali ambapo awali hapakuwa pakiuma sana. Sikuelewa. Mota inasaidia, mbona naumia zaidi? Na kulikuwa na jambo jingine lililonichosha: nikiondoka pale nyumbani, mguu wa kwanza ni wangu peke yangu. Ile yangu ni ya aina ambayo mota hungoja pedali zizunguke kidogo ndipo iamke. Kwenye lami hulijui hilo. Kwenye mchanga, na chuma kizito namna ile, ule msukumo wa kwanza ndio unaoua goti. Ziko nyingine zinazosikia uzito wa mguu na kukupokea papo hapo, na ziko zenye mkono wa kuvuta moto kama pikipiki, unaondoka bila kukanyaga. Mwenye magoti kama yangu aulize hilo kabla ya kuuliza bei. Mimi sikuambiwa kama kuna tofauti.

Halafu ikaja siku ya Mambrui. Nilipeleka kanzu za harusi, kwenda raha mustarehe, upepo mgongoni. Kurudi, kusi imeshika kweli kweli, inanipiga usoni. Nimevuka daraja la Sabaki, naanza kupanda upande wa Malindi, mota ikazima. Betri bado ina chaji, taa tatu zinawaka. Nikizima nikiwasha, inaamka, nazungusha pedali, kimya. Nilijaribu kuikanyaga hivyo hivyo, nikaenda labda hatua hamsini, nikasikia kitu kikikata ndani ya goti. Nikashuka nikaisukuma. Jua la saa nane, upepo, mchanga unaingia machoni, na kila gari linalopita linakupigia honi. Alinichukua kijana mmoja wa pikapu iliyopakia madafu, Mungu amlipe, hakutaka hata shilingi.

Kesho yake nikaipeleka dukani kwa tuktuk. Nikaeleza. Yule kijana hakuinuka wala hakuigusa. Alikuwa na simu mkononi, na wateja wawili wamesimama. Akasema: "Mzee, baiskeli iko sawa. Kilichoharibika ni magoti yako, na waranti haigusi magoti." Wale wawili wakacheka.

Nina mjukuu wa umri wake. Nimelea, nimesomesha, nimewashonea watoto wa mji huu sare za shule kwa mkopo. Maneno yale nilirudi nayo nyumbani, na usiku ule sikulala. Mke wangu akaniambia iuze hata kwa hasara. Nikakubali.

Kabla ya kuiuza nikaona niitengeneze kwanza, nisije nikamuuzia mtu ubovu. Nikaipeleka kwa fundi wa baiskeli Kisumu Ndogo, mtu wa kimya, mikono imejaa grisi. Akazungusha gurudumu, akabonyeza breki, akaachia. Akarudia. Akaniita, "Ami, njoo uone." Mkono wa breki wa kushoto ulikuwa haurudi wote, umebaki nje upana wa kucha, mchanga umeingia pale unapoungia. Kumbe kwenye baiskeli hizi breki ina swichi ndani, ukishika breki mota inakatwa. Mkono usiporudi, mota inadhani unafunga breki. Akachomoa waya mara moja kuhakikisha, mota ikaitika. Akaurudisha, akafungua mkono, akasafisha, akatia mafuta. Dakika kumi. Shilingi mia mbili. Dakika kumi ambazo yule mwingine angezitumia badala ya kunichekesha watu.

Kisha akanitazama nikipanda, akasema nishuke. "Nani kakuwekea siti hivi?" Akanikalisha, mtu mwingine ameshika baiskeli, akaniambia niweke kisigino kwenye pedali na niishushe mpaka chini kabisa. Mguu ulikuwa umekunjika kama mtu aliyeketi mkekani. Akapandisha siti kidogo kidogo mpaka mguu ukanyooka kwa kisigino. Ukirudi kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti linabaki na kikunjo kidogo tu. Nikatoa futi yangu mfukoni, nikapima: inchi nne kasoro robo. Kwa inchi hizo nilikuwa nakunja goti bovu kupita kiasi kila nikizungusha, mamia ya mara kwa safari moja, huku nikiambiwa ni kwa usalama wangu. Akaonya pia isipande zaidi ya pale, maana ikizidi utaumia nyuma ya goti. Alama tukaikwaruza kwa msumeno kwenye bomba la siti, kwa sababu chaki yangu ingefutika.

Ikabidi nijifunze kusimama upya, maana nikiwa kitini miguu haifiki chini tena: sasa nashuka kabisa badala ya kuning'inia. Hapo nimshukuru hata yule wa dukani: fremu imeinama katikati, napita na kanzu yangu bila kurusha mguu. Hilo alinichagulia vizuri, sijui kwa kujua au kwa bahati.

Basi sikuiuza. Gia nyepesi, pedali zinazunguka haraka bila nguvu, na kwenye mchanga naisukuma kwa mkono mpaka lami, sibishani nao. Uvimbe ulipungua baada ya wiki kadhaa. Alfajiri naenda msikitini peke yangu, na kabla ya hapo nilikuwa nikingoja mtoto anipeleke kwa bodaboda. Betri nachajia ndani, si kwenye kibanda cha mabati, joto la Malindi linaimaliza. Bado nasali kwenye kiti.

Nilitaka kuandika "msinunue". Siwezi tena kusema hivyo, na siwezi kusema nunueni. Lile duka sirudi, hata wakileta ile ya mkono wa kuvuta moto ambayo naitamani mpaka leo. Waje waniombe radhi mbele ya wale wawili waliocheka.

Jirani yangu muuza samaki, naye magoti, ananiuliza kila siku. Juzi nimempa yangu aende nayo siku tatu ajaribu njia zake mwenyewe. Nilimpima kwanza. Yeye mfupi, siti imeshuka inchi mbili chini ya alama yangu.