Nilipima Lubumbashi–Montreal kwa simu: kilometa sawa, saa hapana

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Montreal, na mwezi wa pili nilikwenda kumwona mtoto wake mchanga. Kabla ya kukata tiketi nilipakua programu moja ya bure ya kupima umbali kati ya viwanja vya ndege. Ukiandika "Luano", uwanja wetu wa ndege, haikuelewi. Inataka herufi tatu: FBM kwa Lubumbashi, YUL kwa Montreal. Jibu likaja upesi: kilometa 11,800 hivi, saa 14 na dakika ishirini na kitu. Mama, pale nyumbani Katuba, akanisikia nikisoma, akaishika hiyo 14 kama ahadi.

Shida ni kwamba hakuna ndeke (ndege) ya kukutoa hapa moja kwa moja hadi Montreal. Nilipitia Addis Ababa, halafu Brussels. Yaani unakwenda magharibi kwa kuanza na mashariki. Nikapima upya kipande kwa kipande: 2,600 hadi Addis, 5,600 hadi Brussels, 5,550 kuvuka Atlantiki. Jumla inakaribia 13,800, elfu mbili zaidi ya ule mstari wa kwanza. Na ile bahari niliyokuwa naiogopa wiki nzima ni fupi kidogo kuliko Addis–Brussels!

Kwa kilometa sina ugomvi nayo. Hata ule upinde inaochora kwenye ramani kati ya Brussels na Montreal ni wa kweli. Nilidhani rubani anazunguka bure, mpaka kule kwa yaya nilipokaza uzi juu ya tufe la dunia la mtoto wake mkubwa: wenyewe unapanda kaskazini, kisha unashukia Labrador, mashariki ya Canada.

Saa ndizo zinazonikera. Nilipokokotoa kwa kalamu niliona inagawanya kilometa kwa mwendo wa 850 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Brussels–Montreal ikanipa saa 7 na dakika 2, kwenda na kurudi sawasawa. Lakini kule juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo huvuma kutoka magharibi, na majira ya baridi ndiyo unakuwa mkali. Kwenda tulitumia saa 7 na dakika 40, skrini ya kwenye kiti ikisoma mwendo wa 760 hivi. Kurudi, saa 6 na dakika 25. Kuna wakati nilisoma 1,080, nikamgusa jirani yangu naye aone.

Halafu kuna kungoja, ambako programu haikujui kabisa. Kutoka kupaa Luano hadi kutua Montreal ni saa 30 kasoro dakika 20, na kati ya hizo zaidi ya 10 nilizikalia kwenye viti vya Addis na Brussels. Saa 14 za Mama zilipotimia, nilikuwa sijafika hata Brussels, simu imezimwa. Akampigia yaya usiku kucha. Nilipotua ilikuwa mchana Montreal, nyumbani saa mbili usiku imeshapita, na bukari (ugali) Mama alikuwa hajaigusa.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Pima kila kipande peke yake, na saa zisome kwenye tiketi. Wakati wa kurudi nilimtajia Mama siku tu; saa nikamnyima.