Pakiti ya ORS na zinki: nzuri, ila kwa kuhara damu haitoshi

Kwa bei yake, pakiti hii ya ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha) na vidonge vya zinki, ya maduka ya dawa muhimu ya Newala na Masasi mkoani Mtwara, ina thamani kubwa. Udhaifu wake ni kipimo. Pakiti ya kawaida ya ORS ni ya lita moja kamili ya maji, yaani chupa mbili za nusu lita. Kikombe cha nyumbani hudanganya. Maji yakipungua chumvi inazidi na mtoto anaweza kudhurika. Yakizidi, dawa inapungua nguvu. Kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kununua, kishawishi cha kubana maji kipo. Chemsha, pooza, koroga, na kilichobaki baada ya saa 24 mwaga.

Chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea polepole. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14 (chini ya miezi sita, miligramu 10). Wengi huacha kuitoa mara kuharisha kukikoma, ni kosa.

Choo chenye damu mara nyingi ni bakteria wa Shigella, na hapo pakiti hulinda maji ya mwili tu. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Siprofloksasini, antibiotiki ya kuua bakteria hao, hupimwa kwa uzito, mara mbili kwa siku, siku tatu. Baada ya siku mbili bila nafuu, arudishwe. Flajili (metronidazo), kipenzi cha wauzaji, haiui Shigella. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, mtoto asipewe kabisa.